Panga moja liko juu ya jingine: usiguse linki kwanza

"Mtaalamu, habari za kazi. Nina helikopta ya rimoti ya daraja la 450, ya betri, isiyo na fimbo ya kusawazisha. Mapanga yake ni ya milimita 325. Wiki mbili zilizopita ilianguka kwa ubavu. Nimebadilisha mapanga, ile shafti nyembamba inayopita ndani ya vishikio vya mapanga, na gia kubwa. Sasa ikielea naona duara mbili kwenye ncha, moja juu ya nyingine kama mdomo uliofunguka, na mkia unatetemeka mpaka siuoni vizuri. Nimejaribu trimu zote za rimoti, vile vitufe vya kusawazisha, nimebadilisha namba za jairo, kile kifaa kinachoituliza helikopta, hakuna nafuu. Rafiki yangu anasema nizungushe linki, vile vijiti vidogo vinavyosukuma vishikio vya mapanga, hadi mapanga yakutane, lakini hajui kama nishushe la juu au nipandishe la chini. Mwingine anasema pichi yangu, yaani pembe ya mapanga, ya digrii 10 ni ndogo, niiongeze hadi 14 itatulia. Nimsikilize nani? Na je, naweza kuisogelea ikiwa inazunguka ili nione vizuri panga lipi liko juu?"

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukuumiza. Hapana, usiisogelee.

Duara la mapanga ya helikopta yako lina upana wa kama sentimita 71. Likizunguka mara 2,500 kwa dakika, ncha ya panga inakwenda karibu mita 93 kila sekunde, kama kilomita 335 kwa saa. Panga lenyewe lina gramu thelathini na kitu tu, lakini kwa mwendo huo linakivuta kishikio chake kuelekea nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 50. Kichwa cha helikopta yako, yaani sehemu inayoshika mapanga, kimefunguliwa na kufungwa upya juzijuzi, kina mtetemo ambao chanzo chake bado hujakijua, nawe unataka kuweka macho yako usawa mmoja na mapanga. Huko ndiko panga likichomoka litakakopita. Mwaka 2013 kijana wa miaka 19, rubani mzoefu wa helikopta hizi, alifariki New York baada ya kupigwa na mapanga ya helikopta yake mwenyewe. Ile ilikuwa kubwa kuliko yako, lakini yako nayo inaweza kukata kidole hadi mfupa au kutoboa jicho.

Kwa daraja la 450 simama mita 5 kwa uchache. Mimi husimama 8. Vaa miwani ya kinga, jua liwe mgongoni mwako, na asiwepo mtu yeyote pembeni kwenye usawa wa mapanga. Ukitaka kuona kwa karibu, acha simu ikaone kwa niaba yako. Iweke kwenye kishikilia simu upande mmoja, wewe ukae mbali upande mwingine, urekodi kwa mwendo wa polepole. Simu inayopiga picha 240 kwa sekunde, mapanga yakizunguka mara 2,400 kwa dakika, itakupa picha 6 kwa kila mzunguko, na hizo zinatosha kabisa kuona panga lenye tepu nyekundu liko juu au chini. Ila jihadhari na jambo moja: kamera za simu husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo mapanga yataonekana yamepinda kama ndizi. Huo ni udanganyifu wa kamera. Tazama pengo kati ya ncha tu, usitazame mkunjo.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Nilivyokuelewa, helikopta ilikuwa nzima, ikaanguka, ukabadilisha sehemu tatu, na sasa mapanga hayapiti njia moja. Marubani huliita jambo hili trakingi. Mapanga yakiwa na trakingi nzuri, ukiitazama helikopta ubavuni unaona ukingo mmoja mwembamba kama wa sahani. Ikiharibika unaona sahani mbili.

Panga ni bawa. Linapata nguvu ya kunyanyua kutokana na pembe linalokabili nayo upepo, na pembe hiyo ndiyo tunayoiita pichi. Mapanga ya helikopta kama yako yana umbo sawa juu na chini, kwa hiyo kwenye digrii 0 hayanyanyui chochote, na ikielea kawaida yanakuwa kwenye digrii 5 au 6. Kila panga linavutwa na nguvu mbili kwa wakati mmoja: nguvu ya kunyanyua inalipeleka juu, na mzunguko unalivuta nje ili lilale bapa. Mahali ncha inapokaa ni maafikiano kati ya nguvu hizo mbili. Ukiyapa mapanga mawili pichi tofauti, hata kwa digrii moja, si tofauti ndogo: moja kati ya tano ni sehemu ya tano nzima ya pichi, na kwa kuwa hewa nayo inasukumwa chini kupita kwenye mapanga, pembe halisi ambayo panga linaikuta ni ndogo zaidi ya ile uliyoipima, hivyo tofauti hiyo inazidi kukua. Panga moja linabeba mzigo mkubwa, linapanda juu. Jingine linabaki chini. Kila mzunguko kichwa kinavutwa upande mmoja, na kwa mizunguko 40 kwa sekunde mwili mzima unatetemeka.

Kwa nini trimu hazikusaidia? Hapa wengi hupoteza siku nzima, nawe usijilaumu. Shika helikopta mkononi, betri ikiwa imetolewa, utazame swashipleti, ile sahani iliyo chini ya kichwa. Ina sehemu mbili. Ya chini haizunguki. Sevo tatu, yaani mota ndogo zinazotii rimoti, huiinua, huishusha na kuiinamisha. Ya juu huzunguka pamoja na mapanga, na kutoka kwake zinapanda linki mbili, kila moja hadi kwenye kishikio chake. Kila unachoamuru kwa rimoti, na kila anachoamuru jairo, kinaishia kwenye swashipleti, nayo swashipleti inayabeba mapanga yote mawili kwa pamoja. Ukiiinua, yote mawili yanaongeza pichi sawasawa. Ukiiinamisha mbele, panga la kwanza linabadilisha pembe likipita mahali fulani, na la pili linafanya vivyo hivyo likifika mahali palepale. Rimoti haijui kwamba una mapanga mawili. Linapotokea jambo linalotofautisha panga hili na lile, chanzo chake kiko juu ya swashipleti: linki ya juu, kishikio, beringi, shafti ya vishikio, raba, au panga lenyewe. Kwa hiyo rudisha trimu zote kwenye sifuri na urejeshe namba za jairo kama zilivyokuwa. Hazikuwa na kosa, na ukiziacha zilivyo sasa zitakusumbua baadaye.

Rafiki yako wa linki hakukudanganya. Trakingi hurekebishwa kwa linki za juu, ni kweli. Lakini jiulize swali hili kabla hujashika koleo: kabla ya ajali mapanga yalikuwa yakipita njia moja, je, linki zimejirefusha zenyewe? Kama hazikupinda na hesi zake za plastiki hazikuvuliwa, urefu wake ni uleule. Kilichobadilika ni kitu kingine. Ukizungusha linki sasa, utalifunika kosa badala ya kuliondoa, na kosa lililofunikwa kwenye kichwa cha helikopta linaendelea kula beringi bila wewe kuona.

Naliandika hili nikiwa nimelipitia. Zamani niliwahi kuzungusha linki mchana mzima hadi mapanga yakakutana vizuri ikielea. Nikafurahi. Nilipoongeza kasi ya kichwa yakaachana tena. Nikazungusha tena, yakakutana kwenye kasi kubwa na kuachana kwenye kasi ndogo. Shafti ya vishikio ilikuwa imepinda kiasi ambacho jicho halikioni. Tangu siku hiyo, helikopta iliyoanguka siigusi linki mpaka vitu vingine vyote vimekaguliwa.

Basi fungua kichwa tena. Najua umekifunga juzi, lakini tunahitaji kuingia.

Toa shafti ya vishikio uiviringishe juu ya kioo bapa, kama kioo cha meza. Iviringishe polepole ukitazama mwanga unaopita chini yake. Ikiwa mwanga unafunguka na kufunga, imepinda, hata kama ni mpya. Sehemu mpya nazo huja zimepinda, na zaidi ya hapo skrubu zake zikikazwa kwa nguvu upande mmoja shafti inaweza kupinda wakati wa kufunga. Usijaribu kuinyoosha. Shafti kuu nayo uipitishe kwenye kioo hichohicho. Hukuitaja miongoni mwa ulivyobadilisha, na helikopta inayoangukia ubavu mara nyingi huipinda shafti kuu pia. Gia kubwa ikikatika meno, mimi huishuku shafti kuu papo hapo.

Kisha tazama beringi za msukumo ndani ya vishikio, zile zenye pete mbili na gololi katikati. Hapa ndipo wengi hukosea wakibadilisha shafti. Pete mbili hizo zinafanana, lakini tundu la moja ni kubwa kidogo kuliko la nyingine, tofauti ya sehemu ndogo tu ya milimita. Zijaribu kwenye shafti yenyewe: moja itabana, nyingine itacheza. Yenye tundu kubwa inakaa upande wa ndani, kuelekea kitovu, yaani katikati ya kichwa. Yenye tundu dogo inakaa nje, kwenye skrubu. Ukizigeuza, kishikio kitazunguka kwa uzito kila panga linapovutwa nje, na kwa kuwa vishikio viwili havitakwama kwa kiasi kilekile, panga moja litachelewa kufuata amri. Mkononi kila kitu kitaonekana laini. Ugumu huja baada ya kuzungusha, zile kilo 50 zinapoanza kuvuta. Tia grisi ya kutosha, na skrubu za ncha za shafti ziwekwe gundi ya skrubu, kwa kuwa ni chuma kwa chuma. Bila gundi hiyo sitaki uiwashe kabisa. Skrubu hizo mbili ndizo zinazoyazuia mapanga yako yasiruke.

Raba za ndani ya kitovu, zile zinazoipa shafti ulegevu kidogo, mara nyingi hupondeka wakati wa ajali. Zikague zote: ikiwa ya upande mmoja imekatika au imekuwa nyembamba, zibadilishe kwa pamoja. Raba zilizochoka huleta trakingi isiyotulia: dakika hii nzuri, dakika ile mbaya.

Boliti za mapanga ni kitu kidogo lakini usikiruke. Zikaze sawasawa, kiasi kwamba ukiilaza helikopta ubavu mapanga yasianguke kwa uzito wake, lakini ukiitikisa kidogo yasogee. Likibana moja na jingine likilegea, hayatanyooka kwa mstari mmoja yakianza kuzunguka, na mtetemo utakuja hata kama pichi ni sahihi.

Hapo nimegusa jambo ambalo watu hulichanganya sana na trakingi: balansi. Trakingi ni njia ya panga, balansi ni uzito wake. Helikopta yenye trakingi mbaya inakuonyesha duara mbili. Yenye balansi mbaya inaweza kukuonyesha duara moja safi kabisa huku mwili ukitikisika kushoto na kulia, na mkia ukawa kama umechorwa mara mbili. Wewe umenieleza dalili zote mbili, kwa hiyo nashuku una maradhi mawili, na la pili halitapona kwa linki hata uzungushe mwezi mzima.

Panga jipya hununuliwa kwa jozi, na jozi nzuri inakaribiana sana, lakini pima. Laza kila panga juu ya ukingo mwembamba, hata rula iliyosimamishwa, utafute mahali linapotulia bila kuinama. Umbali kutoka tundu la boliti hadi hapo uwe sawa kwa yote mawili. Ukitofautiana, sogeza kwa kipande cha tepu karibu na ncha au karibu na shina, hadi vituo vya uzito vilingane. Kisha yapime kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na lililo jepesi liongezee tepu palepale kwenye kituo chake cha uzito, ili usikihamishe. Mwisho yafunge pamoja kwa boliti moja, yakiwa yametanuka kama bembea, uone kama yanalala usawa. Mpangilio huo usiubadilishe. Ukianza kwa kuongeza tepu kwenye ncha ili jozi ilale usawa, unaweza kupata bembea iliyotulia yenye mapanga yenye vituo tofauti vya uzito, nayo yatavutwa nje kwa nguvu tofauti, na tofauti hiyo itarudi kama trakingi.

Sasa weka alama: tepu nyekundu kwenye ncha ya panga moja na ya njano, au rangi yoyote nyingine, kwenye jingine. Ziwe za urefu mmoja na zikae umbali mmoja kutoka mwisho. Nimeona mtu akibandika tepu upande mmoja tu, kisha anashangaa mtetemo umezidi. Wazo hili la rangi ni la zamani kuliko helikopta zetu. Mafundi wa helikopta kubwa walikuwa wakipaka ncha za mapanga chaki za rangi tofauti, kisha wanasogeza taratibu kitambaa kilichofungwa kwenye mlingoti hadi ncha zikiguse. Alama zilizobaki kwenye kitambaa ziliwaambia panga lipi liko juu na kwa kiasi gani. Walikuwa na mafunzo na vifaa vyao kwa kazi hiyo. Sisi tunabaki na macho na umbali.

Irushe iinuke kidogo, ielee usawa wa macho ukiwa mbali kama nilivyosema. Kama pengo limekwisha, umemaliza. Ilikuwa shafti au beringi, na linki zako hazikuwa na hatia. Kama lipo bado, fanya jaribio moja ambalo kwangu lina thamani kuliko geji yoyote. Tua, toa betri, ubadilishane mapanga: lililokuwa kwenye kishikio cha kwanza liende cha pili, na la pili liende cha kwanza. Rusha tena. Ikiwa panga jekundu lilikuwa juu na sasa jekundu liko juu tena, kosa liko ndani ya panga: limejikunja, au uzito wake umekaa vibaya. Ikiwa sasa la njano ndilo lililo juu, kosa limebaki kwenye kishikio na linki yake. Kwa dakika kumi umejua uelekee wapi.

Likiwa kosa la panga, usilirekebishe kwa linki. Linki inabadilisha pembe kwa kiasi kilekile wakati wote, lakini panga lililojikunja linabadilika kadiri kasi na mzigo vinavyobadilika. Tafuta jozi nyingine.

Likiwa kosa la kishikio na linki, hapo ndipo geji ya pichi, kifaa cha kupimia pembe ya panga, inapoingia, na hapo ndipo swali lako la "nishushe au nipandishe" linapata jibu. Tenganisha nyaya mbili kati ya tatu za mota kwanza, ili hata ukigusa kimakosa isizunguke. Washa, weka fimbo ya rimoti katikati. Mikono ya sevo iwe imesimama digrii 90 na linki zake, swashipleti ilale usawa, na mapanga yote mawili yasome 0. Sifurisha geji kwenye sehemu bapa ya kichwa iliyo mraba na shafti kuu, si kwenye meza, kwa sababu helikopta yenyewe huenda haikusimama wima.

Pima panga la kwanza likiwa, tuseme, upande wa kulia wa helikopta. Kisha usihamie upande wa kushoto. Zungusha kichwa nusu mzunguko hadi panga la pili lifike palepale kulia, ndipo upime. Swashipleti ikiwa imeinama hata kidogo, panga lililo kulia na lililo kushoto yatasoma tofauti ingawa linki ni sawa kabisa, nawe utaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Ukipima yote mahali pamoja, mwinamo unajifuta.

Kama huna geji, kunja mapanga yote mawili yaelekee nyuma sambamba, uyatazame kutoka kwenye ncha. Yakiwa kwenye 0 nyuso zake zitalala bapa pamoja. Njia hii inaonyesha kwamba kuna kosa, lakini haikupi namba, na kwa kazi hii namba ni muhimu. Kama huwezi kununua geji, azima.

Sasa soma. Panga moja likisoma 0 na jingine +1.5, rekebisha lile la +1.5 pekee. Moja likisoma -0.7 na jingine +0.8, kila linki inahitaji kidogo, kwa mwelekeo tofauti. Yote mawili yakisoma +1.5, hilo si kosa la trakingi hata kidogo. Swashipleti iko juu au chini kuliko inavyopaswa, na unarekebisha linki za chini zinazotoka kwenye sevo. Huwezi kulijua hili kwa kutazama duara mbili hewani, ndiyo sababu rafiki yako hakuwa na jibu. Duara mbili zinakuambia mapanga yanatofautiana. Hazikuambii lipi limekosea.

Zungusha kiasi gani? Hesi ya skrubu ya milimita 2, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye linki za daraja lako, inasogea milimita 0.4 kwa mzunguko mmoja. Pima umbali kutoka katikati ya shafti ya vishikio hadi kwenye gololi ya kishikio, ile ambayo kichwa cha linki kinaishika. Gawanya 0.4 kwa umbali huo, kisha zidisha kwa 57. Umbali ukiwa milimita 15 utapata kama digrii 1.5. Kwa hiyo mzunguko mmoja kamili wa kichwa cha linki ni hatua kubwa, na watu wanaozungusha mara mbili tatu "kujaribu" wanaruka juu ya jibu bila kuliona. Kama vichwa vya linki zako vinaingia gololi kwa pande zote mbili, unaweza kwenda nusu mzunguko, digrii 0.75 hivi. Ila vingine vina alama upande mmoja, na upande huo unatakiwa utazame nje. Ukivigeuza vitabana gololi na kukuletea ugumu mpya. Linki yenye hesi ya kulia mwisho mmoja na ya kushoto mwisho mwingine ni rahisi zaidi, kwa sababu unazungusha kijiti chenyewe bila kukitoa, lakini kumbuka ncha zote mbili zinasogea kwa pamoja, hivyo mzunguko mmoja unakuwa milimita 0.8.

Kurefusha linki kunaongeza pichi au kunapunguza? Kunategemea gololi ya kishikio iko upande gani. Ikiwa upande wa mbele wa panga, ule unaokata upepo, linki ndefu inaongeza pichi. Ikiwa upande wa nyuma, linki ndefu inapunguza. Sukuma kishikio kwa kidole ukitazama panga kabla ya kuzungusha chochote.

Unapokaribia, usitafute ukamilifu wa kupita kiasi. Kwa 450 mimi nikiona pengo la milimita 2 tu naacha. Sentimita nzima siirushi.

Imebaki ushauri wa digrii 14, nao nakuomba uuache. Pichi ya digrii 10 si ndogo. Kwa anayejifunza, kati ya -3 na +10 inatosha sana, na hata wanaorusha kwa kupinduapindua hewani wengi wao wako kati ya 11 na 12 kila upande. Ukipeleka 14, mota ndogo inazidiwa, kasi ya kichwa inashuka, na nguvu inayoyavuta mapanga nje inashuka kwa haraka zaidi: kasi ikipungua hadi nusu, nguvu hiyo inabaki robo. Mapanga yanajikunja juu, na zaidi ya pembe fulani hewa inaachana na uso wa panga, hapo kuongeza pichi kunapunguza kunyanyua. Zaidi ya hayo, kuongeza upeo wa pichi kunaathiri mapanga yote mawili sawasawa, na tofauti kati yao inabaki palepale.

Kuna hali ambazo ningependa usifanye haya peke yako. Ukiona ufa kwenye kishikio au kwenye kitovu, hata mstari kama unywele, usiuzibe kwa gundi. Mpelekee rubani mzoefu au fundi wa helikopta hizi akague kichwa kizima, maana palipo na ufa mmoja mara nyingi kuna wa pili. Panga lenye ufa karibu na tundu la boliti, au linalotoa mlio mkavu ukilikunja kidogo, likate vipande viwili kabla ya kulitupa ili mtu asiliokote na kulitumia. Kama umebadilisha shafti zote mbili, beringi ziko sawa, jaribio la kubadilishana mapanga halikukupa jibu moja, na mtetemo upo, omba mtu mwenye uzoefu ukae naye uwanjani. Na kama bado huwezi kuielea kwa utulivu dakika nzima, mwache yeye arushe na wewe utazame. Kutazama trakingi huku ukipambana kuizuia helikopta isikimbie ni kazi mbili, na ya kwanza utaifanya vibaya.

Nina hamu ya kujua shafti kuu imesemaje kwenye kioo. Niandikie hilo kwanza, kisha kila panga lilisoma ngapi likiwa kulia na fimbo ikiwa katikati, na kama lile la juu lilihama baada ya kubadilishana mapanga. Kabla ya kunijibu, usizungushe linki hata robo.